Upya wa Kanisa Haungoji Mwisho wa Mabishano



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya swali linalorudi mara kwa mara katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo: tutawezaje kulifanya upya Kanisa hapa tulipo, hali Wakristo wangali wanabishana juu ya Ekaristi, Daraja Takatifu na ndoa? Wapo wasemao tungoje wakubwa wapatane kwanza. Wapo wasemao mafundisho si kitu, tusali pamoja yaishe. Sisi twaona kwamba njia zote mbili hazifiki. Hebu tuisikilize historia ya Afrika ya Mashariki.

1. Shauri la Kikuyu

Mwezi Juni 1913 wamisionari wa madhehebu ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika nchi ambayo leo ni Kenya, wakitafuta namna ya kushirikiana. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza ibada ya Meza ya Bwana katika kanisa la misioni ya Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzake, akamshtaki yeye pamoja na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na jibu lake likatolewa mwaka 1915.

Tusimdharau yeyote kati yao. Wale walikuwa na kiu ya umoja. Huyu alihofia ukweli wa sakramenti usipuuzwe. Umoja na ukweli vyote ni vya Kristo. Tena tukumbuke kwamba Weston huyo huyo, mshika mafundisho, mwaka 1920 aliandika kwa ukali dhidi ya kazi za kulazimishwa walizotwishwa Waafrika chini ya Serikali ya Kiingereza. Kumbe kushika imani kwa uthabiti hakumzuii mtu kumtetea jirani yake.

2. Moto uliowaka chini

Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja wakisali na kusoma Maandiko. Katika miaka iliyofuata, kutoka hospitali ya misioni ya Gahini nchini Rwanda, Uamsho ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Uliwagusa Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, hata Walutheri wa Bukoba. Mashauri makubwa ya madhehebu yalikuwa hayajakatwa. Hata hivyo watu waliungama dhambi zao waziwazi, wakarudisha mali waliyoiba, na Mzungu na Mwafrika wakaombana radhi. Walio wengi walibaki katika makanisa yao wenyewe.

Uamsho huo ulikuwa na kasoro zake, kwani palikuwa na majivuno ya kuwahukumu wengine na mafarakano mapya. Lakini ulipofika wakati wa Mau Mau katika miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, na wengi wakakataa pia kushika silaha upande wa Serikali. Baadhi yao waliuawa. Hapo ndipo toba yao ilipopimwa.

3. Onyo la Rwanda

Gahini iko Rwanda, na Rwanda ni nchi ambayo Wakatoliki walikuwa wengi kuliko madhehebu mengine. Kati ya Aprili na Julai 1994 Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji, hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Wengi wa wauaji na wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Majuma hayo hayo Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilikuwa inafanyika Roma, ikilitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu. Mwaka 2016 Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya waamini walioshiriki maovu hayo, na mwaka 2017 Papa Fransisko naye akaomba msamaha.

Basi, hakuna dhehebu liwezalo kujisifu mbele ya lingine. Upya unaoishia katika nyimbo na machozi, usiouliza ni nani anayedharauliwa kijijini na ni nani anayenyang'anywa haki yake, haujafika moyoni.

4. Wajibu wetu parokiani

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya umoja wa Wakristo, iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964, inatufundisha kwamba hakuna juhudi ya kweli ya umoja pasipo wongofu wa moyo. Wongofu huo hauhitaji kibali cha mkutano wowote.

Hatutaficha yanayotutenga. Hatujaweza kushiriki Ekaristi moja na ndugu zetu hao, na uchungu huo tuugeuze kuwa sala, hasa katika Juma la Kuombea Umoja, Januari 18 hadi 25. Lakini ni sheria gani ituzuiayo kumzika jirani kwa heshima, asali kwetu au kwingine? Mjane afukuzwapo shambani na wakwe zake, tutamwuliza kwanza kanisa lake? Kisima cha kijiji kiharibikapo, kamati itachaguliwa kwa dhehebu? Na katika ndoa ya mseto, je, tunamsaidia mwenzi asiye Mkatoliki ajione ana heshima, au tunamfanya mateka wa ushindani wetu?

Bwana alituagiza tuiache sadaka yetu mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu. Hakutaja dhehebu la ndugu huyo.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Ni maneno gani tunayoyasema juu ya madhehebu mengine ambayo tusingethubutu kuyasema mbele yao?
2. Ni nani katika mtaa wetu aliyekosa msaada kwa sababu si wa kwetu?
3. Ni haki gani moja tunayoweza kuitetea mwaka huu pamoja na Wakristo wenzetu?

Mungu atujalie kuanza na lililo karibu. Amina.