Mwili Unapomkataa Mgeni

Nawasalimu ninyi mlioko Kaloleni na Makongeni, Jericho na Bahati, Buruburu hata Umoja. Somo letu la leo ni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 12, tangu mstari wa 12 hadi wa 26, ambamo Mtume Paulo anatufundisha kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi.

Alikuwako mtaalamu mmoja ambaye kazi yake yaweza kutusaidia kulielewa somo hili. Jina lake lilikuwa Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa hapa Kenya, upande wa Gilgil. Mwaka 1949, akisoma Oxford, alikuja na msafara wa wataalamu, akapima damu ya watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba Pwani na kando ya Ziwa Victoria wengi walikuwa na urithi wa selimundu, lakini nyanda za juu ulikuwa haba. Mwaka 1954 alieleza sababu. Mtoto aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Aliyeurithi kwa wazazi wote wawili huugua. Basi msimwite mama wa mtoto huyo mwenye laana. Kitu kile kile kilindacho huweza pia kudhuru.

Kuanzia mwaka 1978 hadi 1980 Allison aliongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo kule Kabete. Kisha akaenda California, Marekani, na pamoja na mkewe, Elsie Eugui, akalishughulikia tatizo la viungo vya kupandikizwa.

Mungu ameweka askari katika damu yetu, yaani chembe nyeupe. Wakiona kitu kigeni hukishambulia, na bila wao hata kidonda kidogo kingetuua. Lakini mgonjwa akipewa figo na ndugu yake, askari hao hawajui kwamba hiyo ni zawadi. Wanaona mgeni tu, nao huipiga mpaka ife.

Allison na mkewe walitafuta njia ya kuwatuliza. Waliipata katika kitu ambacho Mwitalia Bartolomeo Gosio alikitoa mwaka 1893 katika ukungu wa mahindi yaliyoharibika. Walisaidia kukigeuza kiwe dawa iitwayo mikofenoleti, na mwaka 1995 Marekani iliidhinisha itumiwe kulinda figo zilizopandikizwa. Dawa hiyo huwazuia askari wasizaane kupita kiasi. Lakini mgonjwa humeza dawa zake kila siku, maadamu figo ile ingali inafanya kazi. Hawezi kusema, "Nilimeza jana, yatosha."

Ndugu zangu, sasa tujitazame. Katika mitaa yetu watu huhamia na kuhama kila mwezi. Jumapili anaingia kijana aliyetoka gerezani, au msichana mwenye mtoto asiye na baba, au mzee asiyejua lugha yetu ya nyumbani. Mara askari wetu huamka. Huyu ni nani? Ametoka wapi? Hatumfukuzi. Tunamwacha tu peke yake kwenye benchi la nyuma mpaka aache kuja.

Sisemi tuache kulilinda kundi, maana mbwa-mwitu wapo. Daktari naye hupima dawa kwa uangalifu, kwa sababu mwili usio na ulinzi huugua upesi. Lakini kumbukeni kwamba figo ikikataliwa, mwili wenyewe ndio unaopata hasara. Huenda mgeni yule ndiye kiungo tulichokiomba kwa machozi.

Tena zawadi hii ina gharama. Atoaye figo hukubali kupasuliwa ili ndugu yake aishi. Je, Bwana wetu hakujeruhiwa ili sisi tuliokuwa wageni tupandikizwe katika mwili wake?

Basi jifunze jina la mgeni mmoja Jumapili hii. Katikati ya juma bisha hodi kwake. Juma lijalo fanya hivyo tena.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupokea tulipokuwa mbali, tuliza mioyo yetu, tusiikatae zawadi yako. Kwa jina la Yesu. Amina.