Kimya si Uzima
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazazi, Isansa, Mbozi)



Tumeombwa kusema juu ya mambo mawili yanayowapata watoto, nayo kwa sura hayafanani hata kidogo. La kwanza ni la dakika chache: mtoto kuvuta punje ya karanga au ya mahindi katika njia ya pumzi. La pili ni la miaka mingi, nalo ni ukoma, ambao watu wa pwani waliuita pia matana na jedhamu. Tumeyaweka pamoja kwa sababu hila yao ni moja. Yote mawili hunyamaza, na sisi wazazi, kwa kudhani kwamba kimya ni uzima, huchelewa.

Tuanze na punje. Nchi yetu ni ya kahawa, mahindi na maharagwe. Wakati wa mavuno kila ua una kitu kilichoanikwa, na mtoto wa miaka miwili hutia kinywani kila akionacho. Magego yake hayajatimia, hawezi kusaga karanga; tena hula huku akicheka na kukimbia. Akipaliwa, maadam akohoa na kulia, mwacheni akohoe, maana kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yetu. Lakini asipoweza kukohoa wala kutoa sauti, hapana nafasi ya kungoja. Aliyetimiza mwaka na ainamishwe mbele, apigwe kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Isipotoka, msaidizi asimame nyuma yake, aweke ngumi juu kidogo ya kitovu, avute kwa ndani na kwa juu mara 5, na hivyo kwa zamu. Aliye chini ya mwaka alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe, asukumwe katikati ya kifua mara 5. Tumbo lake lisibonyezwe. Wala mtu asitie kidole kinywani kutafuta asichokiona, asije akakisukuma ndani zaidi. Wakati huo mwingine akimbilie msaada wa waganga.

Sasa hila yenyewe. Mara nyingine kikohozi hukoma, mtoto akarudi kucheza, nasi tukashukuru. Kumbe punje imeshuka katika bomba la pafu, mara nyingi la kulia, kwa kuwa hilo ni pana na limenyoka zaidi. Baada ya siku au majuma huja homa, kikohozi na pumzi ya kukoroma; mtoto hupewa dawa ya kichomi, kisha ya pumu, asipone. Picha ya kifua huenda isioneshe neno, maana karanga haionekani kama ionekanavyo sarafu. Kinachomfungua mganga macho ni sentensi moja ya mama: "Siku fulani alipaliwa na karanga." Tangu mwaka 1897, Daktari Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alipotoa mfupa katika bomba la pafu kwa chombo cha kuchungulia, njia ya kuviondoa vitu hivyo imejulikana. Basi mtoto aliyepaliwa apelekwe akaangaliwe, hata kama amenyamaza.

Tuje kwenye ukoma. Mwaka 1873 Daktari Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norwe, aliona kijidudu chake. Basi si uchawi, si laana, wala si urithi wa ukoo. Kijidudu hicho hukua polepole: dalili huchukua kama miaka 5 kuonekana, na pengine hata 20. Huanza kwa baka lililopauka au lenye wekundu. Haliwashi, haliumi, na pamba ikipitishwa juu yake mtoto hana khabari. Mzazi husema, "Si neno, halimuumi." Ndugu zetu, kutouma huko ndiko ugonjwa wenyewe. Mishipa ya fahamu inakufa. Baadaye mkono utaungua kwa sufuria na mguu utachomwa na mwiba, mwenyewe asijue. Vidole havidondoki kwa ukoma wenyewe, bali huharibika kwa majeraha yasiyosikika.

Wazee wa nyanda hizi wanakumbuka makazi ya wenye ukoma ya Makete, katika Rungwe. Siku zile kutengwa kulionekana kuwa ndiyo njia. Leo sivyo. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zichanganywe pamoja. Mgonjwa huzimeza miezi 6 au 12, bila malipo, akapona, na mapema baada ya kuanza dawa haambukizi tena. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia chini ya mgonjwa 1 katika watu 10,000. Hata hivyo wagonjwa wapya huonekana kila mwaka, na watoto wamo. Tena mtoto akionekana nao, huenda yupo mtu mzima karibu yake ambaye hajatibiwa. Kwa hiyo nyumba nzima hupimwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi kazi yetu watumishi ni ipi? Watu hututazama. Mwalimu akimtoa darasani mtoto anayemeza dawa, au karani akimnyima kiti mzee aliyekwisha pona, kijiji kizima kitajifunza kuficha. Tuache kumwita mtu "mkoma". Ana jina lake.

Twawaomba mambo mawili mepesi. Aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zitwangwe. Na kila mwezi, wakati wa kumwogesha mtoto, tutazame ngozi yake yote, mgongoni na matakoni pia, na tukiona baka lisilosikia mguso, twende naye kituo cha afya bila kungoja limuume.