Ghala Lililofurika: Mafuta ya Mwili na Kisukari

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu tumeombwa tuzungumze juu ya afya, nasi tumechagua kisukari, kwa kuwa kimo majumbani mwetu.

Sisi wa Simiyu twaijua pamba. Robota lililoshika cheche huungua ndani kwa ndani kabla ya moshi kuonekana. Mafuta ya tumboni nayo yana tabia hiyo. Mwili una vimeng'enya viitwavyo lipesi: kimoja huyatoa mafuta damuni yapate kuhifadhiwa, kingine huyafungulia yatoke nguvu inapohitajika. Insulini, itokayo kwenye kongosho, huamuru mlango huo wa kutokea ufungwe baada ya chakula. Ghala likifurika, chembe za kinga hukusanyika humo na kuleta uvimbe usioonekana kwa macho. Hapo amri ya insulini hudhoofika, mafuta humwagika hadi kwenye ini na misuli, na sukari hupanda. Mwaka 1993, huko Marekani, Gökhan Hotamisligil na wenzake walionyesha kwa panya wanene kwamba mafuta yenyewe hutoa kemikali ya uvimbe. Walipoizuia, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 1991 Dkt. Kaushik Ramaiya na wenzake walichapisha uchunguzi wa jumuiya saba za Kihindu za Dar es Salaam. Karibu mtu mmoja kati ya kumi alikuwa na kisukari. Hata hivyo jumuiya hizo hazikulingana. Baadhi zilikuwa na wagonjwa wachache kuliko nyingine. Basi asili yetu si hukumu moja kwa wote. Wala wembamba si kinga, maana mafuta yetu hupenda kukaa tumboni.

Twakaa dukani tangu asubuhi, kisha jioni twala jalebi, ladu na samli. Hatusemi prasadi iachwe; twasema itoshe kiganjani, isijae sahani. Twaiomba kamati kila sikukuu iweke meza ya kupima sukari na kiuno, kwa waumini na kwa majirani zetu wote wa Bariadi, kwani nao wengi wameacha jembe na kukaa kama sisi. Na wa kwanza kupimwa tuwe sisi wazee.