Ufundi Ubaki kwa Nani: Watumishi Wetu au Mkandarasi?



Usafi, ulinzi na usafiri wa ofisi tunaweza kuwakabidhi wazabuni bila wasiwasi. Mada yangu inahusu kazi ambayo ndiyo sababu ya taasisi kuwepo. Hiyo, kwa maoni yangu, isitolewe nje kama ndani hakuna watu wanaoweza kuikagua.

Dar es Salaam tunalijua hili. Agosti 2003 City Water, kampuni iliyowaunganisha Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nchini, ilikabidhiwa uendeshaji wa majisafi kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja, ikaundwa DAWASCO, shirika la umma la maji. Shauri lilifika kwenye ICSID, kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na uamuzi ulitoka Julai 2008: serikali ilikosea namna ilivyoitwaa kampuni, ila haikuamriwa kulipa fidia. Miaka yote hiyo kazi ilikuwa ileile. Kusoma mita, kutoa ankara na kuziba mivujo bado kulihitaji mikono ya watu wa hapahapa.

Tazameni upande wa pili. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza 2017, ulijengwa na wataalamu wa Wizara ya Fedha wenyewe. Leo mwananchi analipia leseni, maji au faini kwa namba ya malipo, akiwa benki au kwenye simu yake. Taasisi mpya ikitaka kujiunga, aliyeujenga yupo, anaulizwa, anajibu.

Mimi nimeonja kinyume chake. Katika ofisi niliyowahi kutumikia, mfumo wa ankara uligoma siku mbili kabla ya kufunga mwezi. Mkandarasi alidai malipo mapya ndipo aufungue. Tulipousoma mkataba, haukutaja popote msimbo wa programu ni mali ya nani. Tulikaa tukisubiri, wahasibu wakaandika ankara kwa mkono, na wateja wakatulaumu sisi.

Najua hoja itakayoletwa: vijana tukiwasomesha wanaondoka. Ni kweli, wanaondoka, hasa pale mshahara na cheo vinapobaki palepale baada ya mafunzo. Lakini ofisi inayomtegemea kijana mmoja anayejua kila kitu ina tatizo lilelile la ofisi inayomtegemea mkandarasi. Kila kazi nyeti iwe na watu wawili au watatu wanaoijua, na maelezo yake yaandikwe wakati inafanyika, siyo siku ya kuaga.

Utaalamu wa nje tutauhitaji bado. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kusaini, mkataba utaje mambo matatu: kwamba msimbo na nyaraka ni mali ya taasisi, watumishi gani watakaa na mkandarasi tangu siku ya kwanza, na tarehe ambayo watauendesha mfumo bila yeye. Mzabuni akiyakataa hayo, tusisaini.