Kuandika Programu Hujifunzwa kwa Kuandika

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta, kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Katika ajenda ya leo limo pendekezo la kuchanga fedha ili kuongeza mashine katika chumba cha kompyuta. Naliunga mkono. Hata hivyo, kabla hatujapiga kura, nina neno la kuongeza: mashine peke yake haimfundishi mtu. Mtu hujifunza kuandika programu kwa kuziandika, nyingi na ndogo ndogo, na kuzirekebisha zinapokosea.

Wenzangu wa rika langu mnalikumbuka shamba la shule. Tulisoma Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, kisha tukashika majembe. Aliyepanda mahindi yakasongamana hakuhitaji kuandikiwa kosa lake ubaoni; aliliona mwenyewe wakati wa kuvuna. Kompyuta nayo ni shamba la namna hiyo. Haimwonei mtu haya wala haimpendelei. Ukiiagiza vibaya, inatenda vibaya mbele ya macho yako.

Nchi yetu imekwisha kuonja shida ya mashine zisizo na wajuzi wa kutosha. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine za mwanzo kula fedha nyingi za kigeni bila kuleta faida iliyotarajiwa. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini fundisho lake halijapitwa na wakati. Kununua ni kazi ya siku moja. Kupata watu wanaoziweza mashine hizo ni kazi ya miaka.

Kwingineko wapo walioliona jambo hili mapema. Katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, walimu wawili wa hesabu, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitengeneza lugha ya BASIC mwaka 1964. Wakati ule ilikuwa desturi mtu kutoboa kadi, kuzikabidhi kwa wahudumu wa mashine, kisha kungoja saa nyingi apate jibu. Wao walitaka mwanafunzi yeyote, hata asiyesomea sayansi, aketi, aandike, na aone jibu papo hapo. Waliufupisha muda kati ya kukosea na kujua kwamba umekosea, na hapo ndipo mazoezi yanapofundisha.

Sasa naomba niwape wadogo zetu zoezi moja, ili nisiseme maneno matupu. Tiketi ya ndege huhesabu saa kuanzia saa sita usiku, kutoka 0 hadi 23. Sisi Waswahili tunahesabu vingine: saa 7 ya tiketi ni saa moja yetu ya asubuhi. Andika programu itakayopokea saa ya tiketi na kutoa saa yetu.

Wengi wataanza kwa kutoa 6. Ukiingiza 7, unapata 1. Ukiingiza 13, unapata 7, na kweli ni saa saba mchana. Mwanafunzi hufurahi, akafunga daftari. Lakini mwambie ajaribu 6: atapata 0, na sisi hatuna saa sifuri. Ajaribu 19: atapata 13. Ajaribu 3: atapata 3 kasoro, yaani chini ya sifuri. Kumbe kuanzia 7 hadi 18 programu inajibu sawasawa, na saa nyingine zote inakosea. Nusu ya siku ni sahihi, nusu ni kosa! Asiyefanya majaribio huondoka akiamini kwamba amemaliza, na msafiri wa usiku ndiye atakayepata hasara.

Akihangaika kidogo, ataiona njia: jumlisha 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa sifuri, andika 12. Jaribuni wenyewe kwa saa zote 24, mtaona kwamba halikosei. Kisha mwalimu amwongezee: programu itaje pia kama ni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hapo atagundua kwamba mashine haijui jioni huanza lini. Itambidi awaulize watu, akubaliane nao, ndipo aandike. Somo hilo la kuuliza kabla ya kuagiza ni nusu ya kazi yangu mimi hadi leo.

Zoezi kama hili halihitaji mashine kwa kila mtu. Wanne wakiketi mbele ya kompyuta, wengine wachore jedwali kwenye daftari: saa iliyoingia, hesabu iliyofanyika, jibu lililotarajiwa. Hata umeme ukikatika, penseli haizimiki.

Baada ya mazoezi ije kazi yenye mwenyewe. Chukueni daftari la maktaba ya shule, mlitengenezee programu ya kuazima vitabu. Mtakutana na maswali ambayo hayamo katika kitabu cha kiada. Vitabu vitatu vya jina moja mtavitofautishaje? Kitabu kikitakiwa kurudi siku ya likizo, mwanafunzi ahesabiwe amechelewa? Umeme ukizimika katikati, kumbukumbu za asubuhi zitakuwa zimehifadhiwa? Mtunza maktaba atalalamika, nanyi mtarekebisha. Malalamiko yake yatawafundisha zaidi ya hotuba yangu.

Najua yupo atakayeuliza: siku hizi akili mnemba huandika programu kwa sekunde chache, ya nini kujitesa? Mimi mwenyewe naitumia kazini, na sitawaambia muikimbie. Lakini nayo huweza kutoa jibu lenye sura nzuri na kosa ndani yake. Aliyekwisha kufanya zoezi la saa atalijaribu kwa 0, 3, 6 na 19 kabla ya kuliamini. Asiyefanya atalipokea kama lilivyo. Wa kwanza anaitumia mashine. Wa pili ni tarishi wake.

Nimeketi katika usaili mara nyingi. Vijana huja na vyeti vizuri, tunawapa swali dogo na mashine moja kwa saa moja. Wapo wanaoeleza kwa ufasaha kila sehemu ya kompyuta, lakini programu ya kwanza ikikataa, mikono inaganda. Hao si wajinga. Miaka yote walinakili majibu ubaoni kwa ajili ya mtihani, wakanyimwa nafasi ya kukaa na kosa lao wenyewe. Inauma kumrudisha nyumbani kijana wa namna hiyo, na sipendi awe wa shule hii.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo liongezwe mambo matatu. Kwanza, sehemu ya mchango wetu ilipie umeme na posho ya msimamizi, ili chumba cha kompyuta kifunguliwe jioni na siku za Jumamosi. Pili, kila mwanafunzi awe na daftari la programu lenye swali, majaribio, kosa lililotokea na jinsi alivyolirekebisha. Na mwalimu akague makosa pamoja na majibu. Tatu, kila mmoja wetu alete kazi ndogo ya kweli, ya duka, zahanati, shamba au ofisi, kisha arudi mwisho wa muhula aikague kama mwenye mali.

Nanyi wadogo zetu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumatatu msingoje mashine mpya. Anzeni na saa.