Ukikaa Kutwa Kazini, Chagua Kiti Kinachokufaa

Mazungumzo ya afisa wa afya ya jamii na wakazi wa mitaa ya Eastlands

Tukizungumzia afya mtaani, tumezoea kutaja kipindupindu, kifua kikuu na shinikizo la damu. Leo naomba tuzungumzie mgongo, na kile tunachokikalia kutwa nzima.

Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, wengi waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Sebule na vyumba vya kulala, kutoka Buruburu hadi Kayole, viligeuka ofisi. Korona ilipungua, lakini kazi za mtandaoni zilibaki. Yupo kijana anayeandikia wateja wa ng'ambo saa nane kwa siku. Ongeza fundi wa nguo kwenye cherehani, wakala wa M-Pesa dirishani na mwanafunzi wa chuo. Wengi wao hukalia kiti cha plastiki au stuli. Kwa anayejiajiri, mgongo ukigoma hakuna likizo ya ugonjwa. Siku asiyofanya kazi ni siku asiyolipwa.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa, jipime. Vaa viatu vyako vya kazi, kaa wima, kisha pima kwa tepu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Kiti kilichomfaa jirani yako mrefu kinaweza kukuacha ukining'iniza miguu.

Ukifika kwa muuzaji, usinunue kwa macho. Omba ukikalie kama dakika kumi, ukague mambo matano.

Kwanza, nyayo zote mbili zikanyage sakafu.

Pili, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Nafasi hiyo ikikosekana, kiti kitakubana nyuma ya magoti, au utasogea mbele na kuliacha egemeo.

Tatu, egemeo liguse kiuno, juu kidogo ya mshipi, pale mgongo unapoingia ndani.

Nne, viwiko vikae karibu na mwili na mabega yatulie. Mikono ya kiti iweze kupita chini ya meza yako.

Tano, bonyeza sponji kwa ngumi. Ukigusa ubao leo ukiwa dukani, utaukalia ubao huo kila siku nyumbani.

Kiti cha ofisi kilichotumika lakini imara huweza kuwa bora kuliko kipya cha bei ya chini. Ila kikague vizuri. Kipandishe hadi juu, kisha ukikalie. Kikishuka chenyewe, mtungi wake wa gesi umechoka. Kipindue utazame nyufa kwenye miguu na magurudumu. Kasoro ukiziona, ziingize katika bei, au ukiache hapo hapo.

Njia nyingine ni kutengenezewa. Tunao mafundi wa mbao Gikomba na wa vyuma Kamukunji. Mpelekee fundi vipimo vyako vimeandikwa kwenye karatasi; usimpelekee picha ya simu peke yake, kwa kuwa picha haijui urefu wa miguu yako.

Na asiye na pesa za kiti leo? Akunje taulo aiweke nyuma ya kiuno. Meza ikiwa juu mno, akalie mto mgumu na aweke ubao au kreti imara chini ya nyayo. Laptopu aiinue kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha atumie kibodi ya kando. Kisha kila nusu saa ainuke, anyooshe mwili, atembee kidogo. Hata kiti cha bei ghali hakimfai mtu anayekaa saa nne bila kusimama.

Kwa waajiri: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka mhakikishe kuwa mahali pa kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi. Kumpa kijana wako wa saiba kiti kinachofaa si hisani.

Mwisho, zijueni dalili. Maumivu yanayoteremka mguuni, ganzi, au mguu kulegea, hayo si uchovu wa kawaida. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, uchunguzwe na ikibidi uelekezwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Lakini ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ukipata ganzi sehemu za siri, kimbilia hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa mfano Mama Lucy Kibaki. Usingoje kesho, wala usitafute wa kukukanda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mgongo una nyufa zake. Nimekuja na tepu. Anayetaka kupimwa asogee mbele, na wenye maswali wainue mikono.