Dawa ya Moyo kwa Mtu Asiyeumwa Moyo

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Kigoma Mjini)



Kabla ya taarifa ya mradi wa afya, tujibu swali tuliloulizwa Ujiji na mzee mmoja wa kanisa baada ya ibada: "Mratibu, kijana mzima wa afya anapewaje dawa ya moyo? Si ni kumtafutia ugonjwa?"

Ugonjwa wenyewe tunaujua. Ni yule mama anayelala ameketi kwa sababu akijilaza anakosa pumzi, miguu imevimba, na majirani wanasema amelogwa. Moyo umeshindwa kusukuma damu. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpa dawa mpya usiyoijua kipimo chake, unaweza kummaliza. Ndiyo maana watafiti, wakishamaliza majaribio ya wanyama, mara nyingi huanza na watu wachache wasioumwa.

Tuchukue dawa iitwayo omecamtiv mecarbil. Matokeo ya jaribio lake la kwanza kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2011. Walikuwa wanaume 34 wenye afya. Walitundikiwa dripu ya saa 6 mara moja kwa wiki, kwa wiki 4. Dozi ilipandishwa hatua kwa hatua, na wiki mojawapo dripu haikuwa na dawa, bila wao kuambiwa ni ipi. Ilionekana kwamba kila pigo la moyo lilisukuma damu kwa muda mrefu zaidi. Lakini dozi ilipozidi, baadhi hawakuistahimili, maana moyo unaokaza mno haupati nafasi ya kujaa tena. Kikomo kikajulikana kwa watu wenye moyo imara.

Je, dawa ilifaulu? Ilipelekwa kwa wagonjwa 8,256 katika nchi 35. Mwaka 2020 matokeo yakatoka: waliozidiwa na ugonjwa au kufa kwa moyo walikuwa asilimia 37.0 kwa waliopewa dawa, na 39.1 kwa wasiopewa. Vifo peke yake havikupungua. Februari 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha. Wale wanaume 34 hawakupata tiba yoyote, maana hawakuwa wagonjwa. Hili tunaomba mlisikie vizuri: anayejitolea katika hatua ya kwanza hajitibu. Anawasaidia wengine, na pengine hata hao wasipate kitu.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2012, Bagamoyo, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliwachoma vijana 24 sindano yenye vimelea hai vya malaria, na wengine 6 maji ya chumvi. Walikuwa wanaume wenye afya, wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam. Wengi wao vimelea vilionekana kwenye damu, wakatibiwa. Lengo lilikuwa kupata njia ya kupima chanjo kwa haraka. Huko Kigoma, ambako malaria imetuzikia watoto wengi, hatuwezi kuwacheka vijana wale.

Ila tuna wasiwasi wetu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nyumba nyingi hazikuwa na hela ya unga. Mtu akija wakati kama huo na ahadi ya posho, kijana wa Kibirizi atasaini kabla ya kusoma. Hiyo si hiari. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba tangazo la kutafuta watu wa majaribio lisisomwe kanisani, hata likiletwa na mtu tunayemheshimu. Neno la mchungaji ni zito, na kijana ataona aibu kukataa. Anayekuja aulizwe kibali cha NIMR na cha TMDA. Aulizwe nani atalipa mtu akidhurika. Fomu iwe ya Kiswahili, kijana aende nayo nyumbani alale nayo, na ajue anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.

Sasa turudi kwa yule mama. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi, ulikuta shinikizo la damu ndilo chanzo kilichoongoza, asilimia 45. Dawa za shinikizo zipo miaka mingi, na vijana wa watu walishazijaribu zamani. Tunachokosa ni mashine za kupimia na mtu wa kuzibeba hadi vijiji ambavyo boti hufika kwa nadra. Hilo ndilo ombi letu kwa wafadhili robo hii. Kamati za sharika nazo zituletee, kabla ya semina ijayo, majina ya wahudumu wawili wawili watakaofundishwa kupima.